Rekebisha Dirisha Kabla ya Kurekebisha Jalada

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Katibu wa chama aliniomba nieleze kazi ya ofisa wa serikali anayeshughulika na kompyuta. Kazi hiyo ni pana, na nikijaribu kuieleza yote kengele ya chakula italia kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja ndogo ambayo wengi huidhania kuwa ni mapambo tu. Nayo ni namna ya kulitengeneza dirisha tunalotumia kuiamuru, kwa maandishi, kompyuta iliyo mbali. Nataka kuonyesha kwamba si mapambo hata kidogo, na kwamba asiyelitengeneza dirisha lake aweza kumdhuru mwananchi ambaye hajawahi hata kumwona.

Dirisha hilo ni nini?

Wazee wetu waliofanya kazi serikalini wanaijua masjala. Jalada lilikuwa kabatini, na aliyelitaka alikwenda dirishani akaliomba. Siku hizi majalada mengi yamo ndani ya kompyuta tunazoziita seva. Seva haikai mezani kwa ofisa. Yaweza kuwa katika jengo jingine au katika mkoa mwingine, ndani ya chumba chenye baridi, na mara nyingi haina hata kioo wala kibodi yake. Ofisa hufungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, huandika amri kwa herufi, na seva humjibu kwa herufi. Hakuna picha wala vitufe vya kubonyeza kwa kipanya.

Vijana huniuliza kwa nini tunaendelea na mtindo huo wa kizamani. Sababu ni tatu. Kwanza, maandishi ni mepesi, hupita hata pale mtandao ulipo dhaifu. Pili, amri iliyoandikwa yaweza kunakiliwa, kukaguliwa na mwingine, na kurudiwa vile vile kesho. Tatu, seva isiyobeba mzigo wa picha hubaki na nguvu zake kwa kazi iliyowekewa.

Mtindo huu una asili yake. Zamani mtu alikaa mbele ya terminali, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Terminali mojawapo iliyopata sifa kubwa ni VT100, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Kioo chake kilionyesha mistari 24, na kila mstari ulikuwa na nafasi 80 za herufi. Hesabu hiyo ya 80 ilikuwapo tangu zamani zaidi, kwani kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80. Hata leo, mkifungua dirisha la namna hii kwa mara ya kwanza, mara nyingi litakuja na safu 80 na mistari 24. Dirisha ni programu inayojifanya kuwa ile mashine ya zamani.

Njia inayounganisha dirisha na seva huitwa SSH. Ilibuniwa mwaka 1995 katika chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, nchini Finland, baada ya wezi kunasa maneno ya siri ya watu yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo. SSH huyafumba maneno yote yanayopita njiani. Aliyeibuni anaitwa Tatu Ylönen. Najua kwetu Tatu ni jina la dada, lakini huyu ni mwanaume wa Kifini. Kwa wenye kompyuta za Windows, dirisha linalotumika sana ni programu ya PuTTY, iliyoanza kutolewa bure mwaka 1999 na Mwingereza Simon Tatham. Mifano yangu mingi nitaitoa humo, ingawa kanuni ni zile zile katika programu nyingine.

Seva haikioni kioo chako

Jambo la kwanza la kushika ni hili: seva haikioni kioo chako. Inajua tu kile ilichoambiwa. Dirisha linapofungua mazungumzo huipelekea seva habari mbili: aina ya terminali linayojifanya kuwa, na idadi ya safu na mistari iliyo nayo. Baada ya hapo seva hutuma herufi pamoja na maagizo ya mahali pa kuziweka: nenda mstari wa 5, safu ya 10, andika hapo, futa mstari huu, badili rangi. Habari ikiwa sahihi, ukurasa hupangika vizuri. Ikiwa si sahihi, seva hupanga ukurasa wa kioo ambacho hakipo. Ni kama fundi aliyepewa vipimo vya mtu mwingine. Shati atalishona vizuri, lakini halitakukaa.

Kuna jambo la tatu ambalo dirisha, kwa kawaida, haliiambii seva: linazisoma herufi kwa utaratibu gani. Hilo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, nami nitaanza nalo.

Herufi: habari ya alama moja

Ndani ya kompyuta herufi ni namba. Utaratibu unaotumika zaidi duniani leo ni UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike. Katika utaratibu huo herufi za kawaida, a hadi z, huchukua baiti moja moja. Kiswahili chetu kinaandikwa karibu chote kwa herufi hizo, na ndiyo maana wengi wetu tumeishi miaka mingi bila kuliona tatizo. Lakini tunayo ng'. Tunaandika ng'ombe na ng'ambo, tunayo Wilaya ya Nyang'hwale, na wananchi wengi wana majina yenye alama hiyo. Alama iliyonyooka, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi, ni baiti moja. Lakini programu za kuandikia barua zina tabia ya kuipinda alama hiyo zenyewe, ili ipendeze. Alama iliyopinda si ile ya kwanza tena. Katika UTF-8 ni baiti tatu.

Sasa seva ikituma baiti hizo tatu, na dirisha likawa limepangwa kusoma herufi kwa utaratibu wa zamani wa Windows wa nchi za Ulaya Magharibi, dirisha litachora alama tatu mahali pa moja. Badala ya ng'ombe ofisa ataona ngâ€™ombe. Jalada ni zima. Kilichoharibika ni macho ya dirisha.

Niliwahi kushuhudia matokeo yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana mmoja mwenye bidii, aliyetoka chuoni karibuni, alipewa orodha ya watu waliostahili kulipwa. Alipoifungua kwa dirisha lake aliona majina mengi yamejaa uchafu huo. Alifikiri aliyeyaingiza alikosea. Bila kumwuliza mtu alizinakili zile alama tatu kutoka kwenye kioo, akaandika amri ya kuzifuta katika orodha nzima. Amri ikatii. Dirisha lilizirudisha zile alama kwa seva zikiwa baiti tatu zile zile za alama ya kweli, na seva ikaifuta alama ya kweli kutoka katika kila jina. Kioo kikawa safi, kijana akafurahi.

Lakini ng'oa si ngoa, kila mwenye kusema Kiswahili anajua. Orodha ilipolinganishwa na vitambulisho, majina hayakufanana, na kompyuta haina huruma ya kukisia. Wenye majina hayo walikataliwa. Mama mmoja mzee alikuja mara mbili kutoka kijijini, akaambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Alilipa nauli, alilipa kiapo, akakaa kwenye benchi. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa tangu mwanzo. Hatimaye orodha ilirudishwa kutoka katika nakala ya akiba, lakini hakuna nakala ya akiba ya nauli ya mama yule.

Simlaumu sana kijana yule. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba dirisha lina mpangilio. Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko ile amri aliyoiandika. Katika PuTTY kuna orodha ya mipangilio upande wa kushoto. Chini ya neno Window kuna sehemu ya Translation, na humo huchaguliwa utaratibu wa herufi. Ukichagua UTF-8, ng' inarudi mahali pake. Matoleo ya siku hizi huanza na UTF-8, lakini mpangilio uliohifadhiwa zamani hubaki na uzamani wake, na huweza kurithiwa kutoka ofisa mmoja hadi mwingine kama kiti kibovu.

Tena, kabla ya kugusa chochote, muulize seva namba zenyewe. Amri ya hexdump -C, ikifuatwa na jina la faili, huonyesha baiti kwa namba, na namba hazitegemei utaratibu wa herufi wa dirisha. Ukiona e2 80 99, alama ni nzima, tengeneza dirisha. Ukiona c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2, hapo faili lenyewe limeharibiwa na mtu aliyetangulia, nalo linahitaji matengenezo kwa utulivu, baada ya kutoa nakala. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka inayopotea ni ya mtu mwingine.

Ukubwa wa dirisha

Jambo la pili ni ukubwa. Dirisha likiwa na safu 120 na seva ikidhani ni 80, amri ndefu itajikunja mapema na pengine kuandikwa juu yake yenyewe. Utasoma kitu kimoja kwenye kioo, na utakapobonyeza kitufe cha kuingiza seva itatekeleza kingine. Katika amri ya kufuta mafaili, tofauti ya neno moja yatosha kukuachia ghala tupu.

Njia ya kupima ni rahisi. Andika stty size. Seva itajibu kwa namba mbili, mistari kwanza, kisha safu. Kwa mfano 24 80. Linganisha na dirisha lako. Zikitofautiana, livute dirisha kidogo pembeni ili litume habari upya, kwani SSH inao ujumbe maalumu wa kuiarifu seva kwamba ukubwa umebadilika. Isipofaa, iambie mwenyewe: stty rows 40 columns 120. Na ukiwa umeunganisha mashine kwa waya wa serial, yaani ule unaochomekwa moja kwa moja, fahamu kwamba waya huo haupitishi habari za ukubwa kabisa. Huna budi kuziandika kwa mkono kila mara.

Katika PuTTY, sehemu ya Window yenyewe ndipo idadi ya safu na mistari inapowekwa. Hapo hapo huchaguliwa kitakachotokea dirisha likivutwa: ziongezeke safu na mistari, au herufi zikue tu huku safu zikibaki zile zile. Anayesoma majedwali mapana achague la kwanza. Anayeonyesha darasa zima kwa projekta achague la pili, ili wa nyuma naye aone.

Nawaomba mkumbuke pia kwamba zipo amri zinazokata maneno kulingana na upana wa dirisha. Amri ya ps aux, inayoorodhesha kazi zinazoendelea ndani ya seva, hukata kila mstari unapofika ukingoni. Ofisa mwenye dirisha jembamba aweza kusema kazi fulani haipo, kumbe jina lake liko ng'ambo ya ukingo. Ukiandika ps auxww mistari hutoka mizima. Jedwali pana nalo lisomwe kwa less -S, nawe utasogea kulia na kushoto kwa mishale. Usichokiona si lazima kiwe hakipo.

Macho, rangi na kumbukumbu

Jambo la tatu ni herufi zenyewe na rangi. Wenzangu wa miaka arobaini na kuendelea tusione haya. Tuziongeze herufi hadi ukubwa wa 14 au 16. Ziwe za aina ambayo kila herufi huchukua nafasi sawa, la sivyo safu hazitanyooka. Tena ziwe za aina inayotofautisha sifuri na herufi O, na moja na herufi l. Consolas, kwa mfano, huikata sifuri kwa mstari. Courier New haifanyi hivyo. Katika namba ya hundi au ya kitambulisho tofauti hiyo si ndogo.

Bluu ya awali ya PuTTY imeiva mno kusomeka juu ya weusi, na seva nyingi huonyesha majina ya mafolda kwa bluu. Watu wamesumbua macho yao miaka na miaka kwa sababu hiyo, ilhali katika sehemu ya Colours rangi hiyo yaweza kufanywa nyepesi kwa dakika moja. Hali kadhalika, tumieni rangi kama ulinzi. Dirisha la seva ya kweli liwe na weusi wenye wekundu, la seva ya mazoezi liwe la kijani. Mtu aliyechoka saa kumi jioni hasomi jina la seva, lakini rangi ataiona.

Jambo la nne ni kumbukumbu ya dirisha, yaani idadi ya mistari iliyopita ambayo waweza kurudi nyuma kuisoma. PuTTY ya sasa huanza na mistari 2,000. Kazi moja ndefu yaweza kuizidi hiyo, na onyo lililokuja mwanzoni likapotea. Iongezeni hadi 20,000. Kompyuta za leo hazitalemewa. Ila mjue kwamba dirisha likifungwa, kumbukumbu hiyo hufa nalo.

La tano, nalo ndilo linalowaliza wengi: kuhifadhi. Mtu hutengeneza kila kitu, akafanya kazi vizuri, kesho yake akakuta dirisha limerudi kama lilivyokuwa jana. Katika PuTTY mabadiliko hayajihifadhi. Yakupasa urudi kwenye ukurasa wa kwanza, Session, uchague au uandike jina la seva, kisha ubonyeze Save. Ukitaka kila dirisha jipya lianze na mipangilio yako, hifadhi chini ya jina Default Settings. Ukibadilisha wakati mazungumzo yanaendelea, badiliko hilo ni la dirisha lile tu.

Maneno kwa wenye ofisi na kwa vijana

Ndugu zangu mnaosimamia ofisi, nina ombi moja kwenu. Tunampokea ofisa mpya, tunampa meza, tunampa neno la siri, tunampa madaraka juu ya majina ya maelfu ya watu. Mpeni pia karatasi moja yenye mipangilio ya dirisha iliyokubaliwa ofisini: utaratibu wa herufi, ukubwa, rangi ya seva ya kweli na ya mazoezi, na jinsi ya kuhifadhi. Karatasi moja ingemwokolea mama yule safari mbili. Tena iwe ni amri ya ofisi kwamba hakuna anayesahihisha majina kwa wingi kabla ya mtu wa pili kufungua orodha ile ile kwa dirisha lake na kuona kile kile.

Ninyi vijana, msisubiri ajira ndipo mjifunze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kompyuta mbili katika maabara zatosha, hata zikiwa za zamani. Moja iwekewe Linux, ambayo ni ya bure, na nyingine iunganishwe nayo kwa SSH ndani ya mtandao wa shule. Wala hapahitajiki intaneti. Andikeni faili fupi lenye maneno ng'ombe, ng'ambo na ng'oa kwa alama iliyopinda. Lisomeni kwa UTF-8, kisha badilini mpangilio wa herufi mlisome tena. Pimeni stty size, vuteni dirisha, pimeni tena. Andikeni mlichokiona kwenye daftari, kama mnavyoandika jaribio la kemia. Ni kazi ya saa moja, na mtakuwa mmejua jambo ambalo wapo maofisa wenye shahada hawajaambiwa.

Walimu wetu walitufundisha kwamba ukisoma kipimo cha ajabu katika jaribio, kwanza kagua chombo, ndipo uilaumu dawa. Nimekaa serikalini miaka ya kutosha kuona kwamba kanuni hiyo haikuishia maabara. Siku mtakapoona jina la mtu limeandikwa kwa namna msiyoielewa, msiwe wepesi kusema amekosea yeye au aliyemwandika. Kagueni kwanza dirisha mnalomtazamia. Likiwa sawa, na jina bado lina kasoro, hapo lishughulikieni jalada, kwa utaratibu na kwa kumwita mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema nitazungumza juu ya jambo dogo, na naona kengele iko karibu. Wenye maswali nitakuwa chini ya mwembe baada ya chakula, nami nimekuja na kompyuta yangu kwa ajili ya wale watakaopenda kujaribu.